Nivushie Hapa: Ugumu wa Gemu na Haki ya Kuruka

Miongoni mwa maswali yanayowagawa watunzi na wachezaji wa michezo ya video, yaani michezo inayochezwa kwenye runinga, kompyuta au simu na ambayo vijana wa Tanzania huiita gemu kwa neno moja, ni machache yanayozua hasira kama lile la kuruka: je, mchezaji aliyekwama mahali pagumu aruhusiwe kupapita bila kupashinda, ili aione sehemu inayofuata, au akae hapohapo mpaka mikono yake ijifunze? Swali hilo limejadiliwa zaidi Japani, Marekani na Ulaya, ambako sehemu kubwa ya michezo hiyo hutungwa, na kwa sababu hiyo limebeba sura ya mchezaji wa huko, ambaye ana mashine yake chumbani, umeme wa uhakika, muda usiohesabiwa na mtu mwingine, na maelezo ya mchezo katika lugha anayoielewa. Likihamishiwa katika mji wa Tarime, kwenye kata kama Turwa, au Mugumu wilayani Serengeti, ambako vijana wengi hukutana na gemu kwa mara ya kwanza ndani ya kibanda cha kulipia, swali hilo hubadilika umbo, na baadhi ya majibu yanayoonekana dhahiri kwingineko huanza kuyumba.

Kibanda cha gemu ni ndugu wa kibanda umiza, kile chumba cha benchi na runinga ambamo watu hulipa kutazama mpira au filamu, isipokuwa kwamba humo mteja hatumii macho peke yake bali hushika padi, yaani kifaa cha vitufe kinachobebwa kwa mikono miwili na ambacho mara nyingi kimeshapita katika mikono mingi hata baadhi ya vitufe vyake havisikii tena. Anayecheza gemu ya mpira hulipa kwa mechi. Anayecheza mchezo wa misheni, yaani wa kazi zinazotolewa moja baada ya nyingine ndani ya hadithi, hulipa kwa muda. Tofauti hii ya malipo ni jambo kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa mchezaji wa mpira aliyefungwa amepata alichokilipia, mechi nzima, ilhali mchezaji wa misheni aliyeshindwa mara tano mahali pamoja ameondoka bila kusogea hata hatua moja, na pesa yake imekwisha.

Historia ya ugumu wenyewe inaanzia kwenye sarafu. Space Invaders ilipotolewa na kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978, gemu zilikuwa zikichezwa kwenye makabati yenye tundu la kutumbukizia fedha, na mwenye kabati alinufaika pale mchezaji aliposhindwa mapema, ingawa si mapema mno kiasi cha kukata tamaa, ili atumbukize sarafu nyingine. Mashine zilipohamia majumbani katika miaka ya 1980, tundu la sarafu liliondoka lakini tabia iliyozaliwa nalo ilibaki: maisha matatu, kurudishwa mwanzo, adui anayetokea pale ambapo mgeni hawezi kumtarajia. Kwa hiyo sehemu ya ugumu unaotetewa leo kama heshima ya sanaa ni urithi wa hesabu za biashara, na kibanda cha Tarime, bila kukusudia, kimelirudisha tundu lile la sarafu mahali pake, kwa kuchukua gemu iliyotungwa kwa ajili ya mtu mwenye saa nyingi na kumuuzia mtu mwenye nusu saa.

Hapo ndipo unapoonekana mmoja wa michezo inayojulikana sana na vijana wa Afrika Mashariki, Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa na kampuni ya Rockstar mwaka 2004. Ndani yake mna misheni mashuhuri ambamo mchezaji huendesha pikipiki kandokando ya treni huku mwenzake aliyepakiwa nyuma akiwafyatulia risasi maadui walio juu ya behewa. Mchezaji ambaye hajaelewa hufanya lile ambalo akili ya kawaida inamwambia, yaani kuisogelea treni kadiri awezavyo, kumbe siri ni kujitenga nayo kiasi, ili aliye nyuma apate pembe ya kulenga. Na treni ikimkimbia, misheni imeshindikana na inaanza upya. Miaka 9 baadaye, mwaka 2013, kampuni ileile ilitoa Grand Theft Auto V, na humo mchezaji aliyeshindwa mara 3 katika kipande kimoja cha misheni huulizwa kama angependa kukiruka. Utaratibu kama huo ulikuwa umeshaonekana mwaka 2011 katika L.A. Noire, mchezo wa upelelezi uliochapishwa pia na Rockstar. Watunzi wenyewe, kwa maneno mengine, walibadili mawazo.

Wala hawakuwa wa kwanza. Kampuni ya Nintendo mwaka 2009, katika New Super Mario Bros. Wii, iliweka msaada unaojitokeza pale mchezaji anapokufa mara 8 katika steji moja: huonekana bonge la kijani, na akiligonga, Luigi, ndugu yake Mario, hutokea na kuivuka steji ile mbele ya macho yake, huku mchezaji akiwa na uhuru wa kumkatiza Luigi wakati wowote na kushika usukani mwenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1986, Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, aliyekuwa akiuhamishia mchezo wa Gradius kwenye mashine ya nyumbani, aliuona ni mgumu mno kwake kuujaribu hadi mwisho, akaingiza mpangilio wa siri wa vitufe wa kumpa mhusika silaha zote kwa mkupuo; mpangilio huo ukasahauliwa ndani ya mchezo uliouzwa, ukagunduliwa, na ukawa msimbo wa siri unaojulikana kuliko yote duniani. Mtu aliyeutengeneza mlima alihitaji njia ya mkato kuufikia upande wa pili, na hakuna aliyemwona kuwa dhaifu.

Lakini mtu aliyewahi kukaa kibandani anajua kwamba kuruka hakukungoja Nintendo. Mashine ya kibandani huhifadhi safari ya mchezo katika kumbukumbu moja inayotumiwa na wateja wote, hivyo anayeingia jioni mara nyingi huanza pale alipoishia aliyetoka mchana, na misheni kumi za nyuma amezirukia kwa jasho la mtu asiyemjua. Umeme ukikatika kabla ya kuhifadhi, kama ilivyotokea mara kwa mara nchini wakati wa mgawo wa mwishoni mwa 2023, ushindi uliokwisha kupatikana hufutika, na hakuna anayesema kwamba kuurudia kwa mara ya pili kunamjenga mtu. Zaidi ya hayo yote kuna desturi ya kukabidhi padi. Mdogo aliyekwama humgeukia mkubwa aliyekaa kando, akamwambia, kaka, nivushie hapa. Mkubwa huishika padi, hupita pale pagumu kwa dakika mbili, pengine akieleza anachokifanya na pengine akinyamaza, kisha humrudishia mwenyewe. Neno lenyewe, kuvushia, ni la mtoni: mwenye kujua kina cha maji humvusha asiyekijua, na akifika ng'ambo aliyevushwa huendelea na safari yake kwa miguu yake. Luigi wa bonge la kijani ni huyu kaka aliyeandikwa katika programu, kwa ajili ya mtoto anayecheza peke yake na asiye na wa kumgeukia. Ukitazamwa hivyo, uwezo wa kuruka si anasa iliyoongezwa kwenye mchezo kwa ajili ya wavivu. Ni kumrudishia mchezaji mpweke kile ambacho mchezaji aliye kati ya watu hajawahi kukikosa.

Hoja ya upande wa pili, hata hivyo, ina nguvu na inastahili kusikilizwa kwa ukamilifu wake. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake kuhusu maana ya michezo kilichotoka mwaka 1978, alishikilia kwamba kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo ambavyo mtu hakulazimika kuwa navyo: mkimbiaji angeweza kukata katikati ya uwanja na kuufikia utepe mapema, lakini akifanya hivyo hakuna tena mbio. Mtafiti wa Denmark Jesper Juul naye, mwaka 2013, aliandika kitabu kizima juu ya fumbo la kushindwa, yaani kwamba binadamu hukwepa kushindwa katika maisha lakini huutafuta mchezo ambao ana hakika utamshinda, kwa kuwa kule kushindwa ndiko kunakompa nafasi ya kukua. Kampuni ya FromSoftware ya Japani imejijengea jina juu ya imani hiyo. Mchezo wake wa Sekiro: Shadows Die Twice, uliotoka mwaka 2019, una kiwango kimoja tu cha ugumu kwa wote, na mabishano kuhusu kama ungepaswa kuwa na njia rahisi yalienea kote duniani mwaka ule. Wanaoutetea husema kwamba furaha ya kumwangusha adui aliyemshinda mtu kwa siku tatu haiwezi kupatikana na yule aliyemruka, na katika hilo wanasema kweli tupu.

Kosa lao liko mahali pengine, nalo ni kudhani kwamba anayebaki na furaha hiyo anaporwa kitu pale jirani yake anaporuka. Mbio za Suits zina mshindani. Anayekata uwanja amemdhulumu aliyezunguka. Katika mpira wa kibandani vivyo hivyo, ambapo watu wawili wameketi benchi moja, kuruka ni wizi na hakuna anayekubali. Lakini katika mchezo wa mtu mmoja, aliye ng'ambo ya padi ni mashine, na mashine haina medali ya kunyang'anywa. Mchezo wa Celeste, uliotungwa Kanada na kutoka mwaka 2018, unathibitisha jambo hili kwa ustadi, kwani unahusu msichana anayepanda mlima huku akipambana na hofu iliyo ndani yake, na ugumu wake ndio maudhui yake; hata hivyo watunzi wake waliweka njia ya msaada inayomruhusu mchezaji kupunguza kasi ya mchezo, kupata nguvu ya kupanda isiyokwisha, au kutodhurika kabisa, bila kumpunguzia chochote na bila kumkejeli. Mlima haukushuka kimo kwa wanaoupanda bila msaada.

Msomaji wa Tarime huenda akaitambua hoja ya ugumu kama kitu alichokisikia tangu utotoni, kwa kuwa miongoni mwa Wakurya hadhi ya mtu mzima imefungamanishwa kwa muda mrefu na jando, ambamo kijana hutarajiwa kusimama bila kutikisika wala kulia, na thamani ya tendo hilo machoni pa ukoo wake imo humohumo katika kutokwepwa kwake. Uzito wa jambo hilo na wa gemu haulingani hata kidogo, na kuvitaja pamoja si kuvisawazisha. Ila mwenendo wa hoja unafanana kiasi cha kufundisha. Ukeketaji wa wasichana, uliokatazwa kwa walio chini ya miaka 18 na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998, umetetewa katika wilaya hizi mbili kwa dai hilohilo kwamba pasipo maumivu hakuna ukubwa. Vituo kama kile cha Masanga wilayani Tarime, vinavyowapokea wasichana wanaoukimbia wembe msimu wa Desemba, vimeonyesha kwamba mafunzo, kambi na sherehe ya kuhitimu vinaweza kubaki na maana yake baada ya jeraha kuondolewa. Swali lililoulizwa huko, ni sehemu ipi inayobeba maana na ipi inayobeba madhara tu, linafaa kuulizwa popote ugumu unapodai heshima kwa sababu tu ni ugumu.

Likiulizwa kwenye gemu, jibu la kwanza mkoani Mara ni lugha. Mtoto wa Tarime au Serengeti huanza na Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au lugha nyingine ya nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza humfikia kama lugha ya tatu, ambayo huwa lugha ya kufundishia pale tu anapoingia sekondari. Gemu zinazofika kibandani humsemesha kwa Kiingereza, tena cha mitaani na cha haraka, na maelekezo hupita chini ya kioo kabla hajamaliza kusoma mstari wa kwanza. Ile misheni ya treni humshinda mara nyingi kwa sababu hakuelewa alichoambiwa, si kwa sababu vidole vyake ni vizito, na ugumu huo haukukusudiwa na mtunzi yeyote wala haufundishi lolote. Filamu za kigeni zilipata tiba yake katika kibanda umiza kupitia watafsiri wa sauti kama Lufufu, ambaye aliwasimulia Watanzania kwa Kiswahili kile wahusika walichokisema, akaongeza chumvi yake na kupita upesi pale palipochosha. Gemu haijampata Lufufu wake.

Matokeo yake ni kwamba kibandani kitu kinachorukwa kuliko vyote ni hadithi. Picha za masimulizi zinazounganisha misheni moja na nyingine, ambazo watunzi huzigharimia fedha na miaka, hukatwa kwa kubonyeza kitufe kimoja, kwa sababu hazieleweki na saa ya mwenye kibanda inatembea. Mchezo hufika Turwa ukiwa mapigano matupu yasiyo na sababu, kama utenzi uliobakizwa vita na kufutiwa kisa. Jennifer Hepler, aliyekuwa mwandishi wa hadithi katika kampuni ya BioWare, aliliona jambo hili kutoka upande wake alipopendekeza katika mahojiano ya mwaka 2006 kwamba, kwa kuwa asiyependa mazungumzo huruhusiwa kuyaruka, asiyependa mapigano naye apewe kitufe hichohicho. Maneno hayo yalipofufuliwa mwaka 2012 alishambuliwa na kutukanwa na wachezaji wengi mno, na ukali wa shambulio lile ulidhihirisha kwamba kilichokuwa kikilindwa ni cheo cha aina moja ya ustadi dhidi ya nyingine, wala si kanuni ya kutoruka. Kuelewa hadithi ni kazi pia, na kwa kijana anayeipigania kwa lugha ya tatu ni kazi kubwa kuliko kufyatua risasi.

Kwa walemavu jibu ni fupi zaidi. Mchezo wa The Last of Us Part II, uliotoka mwaka 2020 ukiwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu wa macho, masikio au viungo, uliweka pia uwezo wa kuruka mafumbo, na mtu asiye na vidole vya kutosha kubonyeza vitufe vinne kwa pamoja hahitaji kuhubiriwa uvumilivu na mwenye vidole kumi.

Kuna kuruka kwa aina moja tu kunakostahili kupingwa kwa nguvu zote, nako ni kule kunakouzwa. Candy Crush Saga, gemu ya kupanga peremende iliyotolewa na kampuni ya King mwaka 2012 na inayochezwa bila malipo ya kuanzia, humpa mchezaji maisha matano, na kila moja linalopotea hurejea baada ya dakika 30. Asiyetaka kungoja hununua, na anayeshindwa na steji hununua zana za kuivukia. Hapo mambo yamegeuka juu chini. Katika kibanda, ugumu ulikuwepo na kaka akavusha. Katika simu, daraja limevunjwa kwa makusudi ili mwenye mtumbwi apate nauli. Mtunzi anayepata fedha kila mchezaji anapokwama hana tena sababu ya kuupima ugumu kwa haki, na gemu ya namna hiyo inasogelea michezo ya kubahatisha, ambayo Tanzania imeiwekea sheria yake ya mwaka 2003 na bodi ya kuisimamia, ilhali hii huchezwa na mtoto yeyote aliyeazimwa simu na mama yake.

Kielelezo cha kuvusha kwa haki hakihitaji kutafutwa mbali, maana kimo katika mchezo ambao Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huuhuu, aliupenda na kuucheza mpaka uzeeni. Bao la Kiswahili huchezwa kwenye ubao wa mashimo 32, safu nne za mashimo manane, kwa kete 64 ambazo aghalabu ni komwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, 6 kati yake zikiwa ndani ya shimo kuu liitwalo nyumba, na 22 zikiwa akiba. Katika awamu ya kwanza, iitwayo namua, huingiza kete moja moja kutoka katika akiba hiyo, na akiba ikiisha ndipo awamu ya pili, mtaji, inapoanza. Namua ndipo mahali pagumu. Mchezaji huhesabu kete zilizopo na zisizopo bado, huamua kama nyumba ilale au isafiri, na kosa lake la zamu ya tatu humjia katika zamu ya ishirini. Mtafiti Alex de Voogt, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1995 ilichunguza umilisi wa mabingwa wa Zanzibar, aliukuta mchezo huu ukiifikisha akili ya binadamu kwenye kingo za uwezo wake wa kukumbuka na kukokotoa.

Wazee wenye mchezo huu hawakumwacha anayeanza azame humo. Walitenga bao la kujifunza, ambalo kete zote 64 hupangwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo, hakuna akiba, nyumba haina hadhi yake, na mchezo huanzia moja kwa moja kwenye mtaji. Awamu ngumu kuliko zote imerukwa nzima nzima. Jina lake linasema wazi ni nini, halimdanganyi anayelicheza kwamba ameshakuwa bingwa, na halitozi kitu; mkubwa huketi na mdogo chini ya mti, wakacheza mtaji hadi mkono wa mdogo uzoee kusambaza kete na jicho lake lijue kula. Bao la Kiswahili limebaki palepale na namua yake yote, likiwangoja wanaolitaka, na kizazi baada ya kizazi wamepatikana wa kulitaka. Mdogo anaweza kukaa mwaka mzima kwenye bao la kujifunza, au maisha yake yote, na hakuna anayemfukuza ubaoni. Na siku atakapoomba mwenyewe kwamba kete 6 ziwekwe kwenye nyumba na 22 zibaki mkononi, mkubwa huzikusanya zote 64, akaanza kuzihesabu upya.